Jumba lililojengwa kwa mavi ya ndege

Naomba radhi mapema kwa mnaosoma huku mnakula. Leo neno mavi litatokea mara nyingi na sioni pa kulikwepa. Nilijaribu kuandika "samadi", nikafuta, nikajaribu "mbolea ya asili", nikaona huo sasa ni utapeli, maana kitu chenyewe kilitoka nyuma ya ndege kikaangukia mwambani na jina lake wote tunalijua toka utotoni.

Ni hivi. Huku Uingereza kuna jumba linaitwa Tyntesfield, lipo Wraxall, Somerset, kama kilomita 11 kutoka Bristol. Ukiliona kwenye picha utadhani kanisa kuu liliolewa na kasri wakazaa mtoto mmoja mtundu. Nilikuwa nalitamani muda mrefu ila shida ilikuwa usafiri, mabasi ya kule mashambani yanapita kwa nadra, ukikosa moja unakaa kituoni mpaka unawajua kondoo kwa sura. Basi Jumamosi iliyopita nikambana shemeji, mume wa dada, yeye ana gari na siku hiyo hakuwa na kisingizio. Shemeji si mtu wa majumba kabisa. Akaniuliza, "Shem, hiyo nyumba ina nini cha maana?" Nikamwambia imejengwa kwa mavi. Akazima tivii, akachukua funguo.

Cha kwanza kujua ni kwamba ukifika hulioni. Unapaki, unapita kwenye majengo ya zamani ya shamba ambako siku hizi ndo mapokezi na sehemu ya chai, unakata tiketi, halafu unatembea chini ya miti mikubwa mikubwa ambayo ukiiangalia tu unajua hii haikuota yenyewe, kuna mtu aliipanda akijua atakufa kabla haijafika hapo. Mvua ilikuwa inanyunyiza, ile ya Septemba isiyo na haraka. Halafu njia inakata kona na jumba linakutokea lote kwa mkupuo.

Jamani. Mi nimeshaona majumba ya matajiri wa Kiingereza, mengi yana ule utulivu wa benki, nguzo mbele, madirisha yamejipanga kama askari, kushoto sawa na kulia. Hili halina habari hiyo. Huku kuna kinara kimechomoza, kule dohani tatu zimesimama pamoja kama wambea, dirisha la tao lenye ncha hapa, pale kibaraza, paa linapanda kwa mteremko mkali halafu linakatwa na paa lingine, yaani jicho linakosa pa kupumzika. Jiwe lake ni lile la Bath, rangi ya asali iliyokaa kabatini. Nikasogea mpaka pua ikakaribia ukuta, nikaona kwamba yale niliyodhani ni madoa yalikuwa majani. Majani ya mawe, yamechongwa na mishipa yake, moja limejikunja pembeni kama limeanza kukauka. Fundi alikaa hapo na patasi yake akachonga jani linalokauka kwenye jiwe, sehemu ambayo mgeni akishuka kwenye gari la farasi na kofia yake asingeliona hata siku moja. Hapo ndo niliposhindwa kuendelea na kejeli niliyokuja nayo. Kitu ni kizuri, nifanyeje sasa.

Mwenyewe aliitwa William Gibbs. Alilinunua eneo hili mwaka 1843, wakati huo palikuwa na nyumba ya kawaida tu ya kitajiri, haina maajabu. Akakaa nayo miaka kama ishirini, hela ikawa inaingia, ndo mwaka 1863 akamwita msanifu John Norton aibadilishe. Norton hakuibomoa ile ya zamani, aliivika. Akaizungushia mawe mapya, akaiongezea ghorofa, akaiongezea mabawa, kwa hiyo ndani ya lile zimwi la kigothiki kuna kijumba cha watu kimejificha kama kokwa ndani ya embe. Gharama ilifika kama pauni 70,000. Za enzi hizo, sio hizi zetu za kununulia sandwichi.

Kwa nini gothiki? Hili swali lilinisumbua kabla sijaenda, maana mtu wa miaka ya 1860, enzi za treni na telegrafu, anajijengea nyumba inayofanana na makanisa ya miaka ya 1200, ni kama leo bilionea wa programu za simu ajenge boma la mawe lenye handaki. Lakini kwa wakati wao haikuwa kituko. Bunge lao liliungua mwaka 1834 wakalijenga upya kwa staili hiyohiyo, na yule Pugin aliyelipamba alikuwa anahubiri waziwazi kwamba matao yenye ncha ndo ujenzi wa Kikristo, na zile nguzo za Kigiriki ni upagani. Halafu tangu 1833 kulikuwa na vuguvugu la Oxford ndani ya kanisa la Anglikana, watu waliotaka kurudisha ibada za kale, mishumaa, mavazi, utaratibu, heshima ya altare. Gibbs alikuwa mmoja wao na alikuwa muumini kweli, si wa kuonekana Jumapili tu. Kwa hiyo nyumba yake ni kama ungamo la imani, ila lina vyumba vya wageni.

Sasa tuje kwenye mavi yenyewe.

Pwani ya Peru ina visiwa vinaitwa Chincha, vidogo, vikavu, mawe matupu. Bahari ya pale ni ya baridi na imejaa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo ndege wa baharini wamejaa pia, minandi, mwari na wenzao. Wanakula, wanarudi visiwani, wanafanya yao. Sehemu nyingine duniani mvua ingekuja ikaosha, lakini pale mvua karibu hakuna kabisa, basi yale mambo yanakauka, yanarundikana, karne na karne, mpaka yakawa tabaka la zaidi ya mita 30 kwenda chini. Guano. Watu wa Inka walishajua faida yake zamani sana na walikuwa wanaweka kwenye mashamba yao, Wazungu ndo walichelewa, mwanasayansi Mjerumani Humboldt alibeba sampuli akazifikisha Ulaya mwaka 1804 na bado ikachukua miaka mingi kabla wakulima wa Uingereza hawajashtuka kwamba ule unga unaonuka amonia una naitrojeni na fosfeti kuliko chochote walichokuwa nacho zizini.

Wakishashtuka, basi tena. Mwaka 1842 kampuni ya familia, Antony Gibbs & Sons, ikaingia mkataba wa kuuza guano ya Peru. William mwenyewe alizaliwa Madrid mwaka 1790, biashara ya Hispania na Amerika ya Kusini aliijua toka ujana, na alikuwa ndo kichwa cha kampuni kule London wakati mzigo unamiminika. Mali yenyewe ilikuwa ya serikali ya Peru, Gibbs anaipokea, anaiuza, anakata kamisheni yake, na serikali ikiishiwa hela (serikali huishiwa hela kila mara) anaikopesha kwa mzigo ambao haujauzwa bado, riba juu. Wakaenda hivyo mpaka 1861. Mkulima wa Norfolk akitaka turnipu zake zinenepe, shilingi yake inapita mkononi mwa Gibbs. Watu wa mjini wakamtungia kibwagizo, kwamba ukoo wa Gibbs umepata vijisenti kwa kuuza mavi ya ndege wa kigeni, na kwa Kiingereza kinaimbika vizuri zaidi kuliko nilivyokieleza hapa.

Mpaka hapo ni hadithi ya kuchekesha na wengi huwa wanaishia hapo. Ila mavi ya mita 30 hayajichimbi. Yalichimbwa kwa sururu na koleo, juani, kwenye vumbi la amonia linalochoma macho na pua. Kulikuwa na wafungwa, kulikuwa na watumwa mpaka Peru ilipofuta utumwa mwaka 1854, na kuanzia 1849 wakaanza kuletwa Wachina kwa mikataba ya miaka minane, wengi wakipakiwa meli Macau bila kuelewa wanakoenda. Mpaka biashara hiyo inakoma mwaka 1874 walikuwa wamepelekwa Peru Wachina wapatao laki moja, wengi mashamba ya miwa na pamba, na sehemu yao visiwani. Wa visiwani kuna waliojirusha kutoka kwenye majabali. Meli zilikuwa zinapanga foleni miezi kusubiri kupakia, manahodha wanalalamika harufu.

Na Gibbs je? Mkono wake haukushika mjeledi, na hilo watetezi wake wanalisema mpaka leo. Visiwa ni vya serikali, vibarua ni vya mkandarasi, meli ni ya mwenye meli, yeye kazi yake ni kuuza tu, London, ofisini, kalamu na wino. Kila mtu ana mtu wa katikati. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, tena safi kupindukia, tani upande huu, pauni upande ule. Waliopotea bila habari ni watu.

Nilikuwa namsimulia shemeji haya yote tukiwa kwenye foleni ya kuingia, kwa Kiswahili tena kwa sauti, na wazee wa Kiingereza mbele yetu wanatabasamu wakidhani tunasifia maua.

Ndani unaanza na ukumbi wa ngazi. Ngazi ni pana, juu ni mbali, mwanga unashuka kutokea paani, na kuna ule ubaridi wa mawe hata ukiwa umevaa koti. Shemeji akasimama katikati, akazunguka mara moja kama feni. "Kwa hiyo hii ngazi ni mavi." Ndiyo shem. "Na hilo zulia?" Hilo pia. Akavua kofia. Sijui ni heshima au joto lilimpanda.

Maktaba ndo chumba ningekubali kupewa. Ni kirefu, dari lake limeachwa wazi unaona maboriti yamepinda kama mbavu za jahazi lililopinduliwa, vitabu ukuta hadi ukuta, ngozi na dhahabu kwenye migongo, na viti vya kukalia kweli, vimebonyea, si vile vya maonyesho. Mapambo mengi ya ndani alifanya J. G. Crace, yuleyule aliyefanya kazi na Pugin bungeni, kwa hiyo mzee Gibbs hakubahatisha mafundi. Sebule kubwa sikuipenda, inajikaza sana. Chumba cha kulia ni giza mpaka unamhurumia mhudumu aliyepita humo na supu.

Halafu kuna chumba cha biliadi. Hapa nikae kidogo. Meza yenyewe ni kubwa kama kitanda cha familia nzima, miguu yake imechongwa minene, na ina mfumo wa kupashwa joto kutoka kwenye bomba za nyumba. Meza. Ya mchezo. Ina hita. Sababu ni kwamba kitambaa kikipata unyevunyevu mpira hauendi sawa, na Somerset unyevu haukosekani, kwa hiyo badala ya kusema leo mpira unaenda vibaya tulale, wakaiunganishia mabomba. Na pembeni kuna vitufe vya umeme vya kuhesabia alama ubaoni, ili mtu asipate taabu ya kutembea hatua tano. Niliinama nikachungulia chini ya meza mpaka mjitolea mmoja akakohoa. Ukitaka kujua hela inapofika mahali haina tena cha kununua, chungulia chini ya meza ile.

Mimi lakini nilikuwa nimejipa kazi yangu ya siri, kumtafuta mnandi. Nilisema nyumba hii ina michongo kila mahali, mawe, mbao, chuma, vitasa, lazima mahali fulani kuna ndege wa Peru ametiwa, hata kidogo, hata kwa utani, hata fundi mmoja tu mwenye roho ya uchokozi. Nikaangalia vichwa vya nguzo, maua. Nikaangalia meko za kuotea moto, maua na majani. Vitasa, majani. Malaika wapo. Mnandi sikumuona, labda nilimpita, jumba ni kubwa na macho ni mawili.

Mwisho nikamuuliza mama mmoja wa kujitolea aliyekaa karibu na dirisha, mzee kabisa, kadigani ya bluu, beji imekaa upande. Nikamuuliza kwa adabu zote, mama, kuna picha au mchongo wowote wa wale ndege? Akacheka mpaka akashika mkono wa kiti. Akasema kila wiki kuna mtu anauliza kuhusu mavi, lakini wewe ndo wa kwanza kumuulizia ndege. Akafikiri, akaangalia dari kama anapitia vyumba kimoja kimoja kichwani. "Nitamtafuta," akasema, na nilimwamini.

Yeye ndo aliyetupeleka kanisani. Kanisa limeunganishwa na jumba lenyewe, unapita ghorofani kwenye ushoroba unajikuta uko ndani bila kukanyaga nje, na si kikanisa cha kuombea kabla ya kulala, ni kanisa. Alilisanifu Arthur Blomfield, likaanza kujengwa 1872 au hapo hapo, na kielelezo chake ni Sainte-Chapelle ya Paris, ile ambayo mfalme wa Ufaransa aliijenga kuhifadhi masalia matakatifu. Refu kwenda juu kuliko upana wake, mozaiki chini, vioo vya rangi ambavyo hata siku ya mvua kama ile vinamwaga bluu na nyekundu kwenye sakafu kama mtu kamwaga juisi. Familia na wafanyakazi wote walisali pamoja mara mbili kwa siku. Fikiria ni dobi, una rundo la mashuka, kengele inalia.

Na sasa stori niliyoipenda kuliko zote. Gibbs chini ya kanisa hili alitengeneza chumba cha kaburi, chake na cha ukoo wake. Mtu ana hela kuliko karibu kila asiye na cheo Uingereza nzima, amejenga kanisa zima la Keble College kule Oxford kwa mfuko wake, anataka tu alale kwake. Wakubwa wa parokia ya Wraxall wakagoma. Waliona kanisa la tajiri likipewa hadhi kamili litawanyang'anya waumini, la kijiji libaki na popo. Askofu naye hakuliweka wakfu, na bila wakfu huziki mtu. William Gibbs akafa Aprili 1875, umri 84, kanisa lenyewe likiwa bado halijakamilika, akazikwa kwenye kanisa la kijiji kama watu wengine. Kaburi la chini mpaka leo tupu. Shemeji aliposikia hiyo alifurahi waziwazi, nikamkanyaga mguu.

Baada yake mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mjane wake Blanche akaishi mpaka 1887, mtoto wao Antony akaingiza umeme na kubadili hiki na kile, mjukuu George akawa mbunge na mwaka 1928 akapewa ubaroni, Lord Wraxall, miaka mitatu baadaye akafa na kuacha mjane kijana na watoto wadogo. Hapo jumba likaanza kuwashinda. Kulikuwa na mnara mkubwa wa saa juu ya mlango, paa lake kali kama kalamu, kwenye picha za zamani ndo uliokuwa unalipa jumba sura yake, mwaka 1935 mbao zimeoza wakaubomoa. Kulikuwa na nyumba ya vioo ya mimea, nayo ilishaondoka kabla. Vita vya pili vikaja, shule ya wasichana ikahamishiwa ndani, Wamarekani wakajenga hospitali ya jeshi kwenye ardhi ya jumba.

Wa mwisho alikuwa Richard, Lord Wraxall wa pili. Alirithi akiwa na miaka mitatu, hakuoa, na akaishi humo mpaka uzeeni akitumia vyumba vichache tu, vingine amefunga mapazia jua lisichujue vitambaa. Kuna watu humcheka. Mi naona ndo aliyeliokoa, maana hakukarabati kisasa, hakuuza, na zaidi ya yote hakutupa kitu. Na waliomtangulia hawakutupa kitu pia. Alipofariki mwaka 2001 warithi walikuwa 19, na jumba huwezi kuligawa mara 19, kwa hiyo likaelekea sokoni, vitu vya ndani viuzwe kwa mnada kimoja kimoja. Shirika la National Trust, lile linalotunza majumba ya kihistoria, likapiga yowe nchi nzima, ndani ya siku 100 hivi zikapatikana pauni milioni 8.2 za michango, na mfuko wa taifa wa urithi ukaongeza milioni 17.4, likanunuliwa Juni 2002 pamoja na eka 540.

Ndo wakafungua milango. Wanaorodhesha mpaka leo, vitu vimepita 50,000. Kulikutwa kikombe cha ibada chenye vito, karatasi za ukutani za karne ya 19 zikiwa bado zimeviringishwa hazijafunguliwa, bomu la vita vya pili ambalo halikuwa limelipuka, na nazi. Nazi iliyochongwa uso ikawekwa nywele. Nimewaza sana kuhusu hiyo nazi. Nani aliileta, nani alisema hii tuiweke, na vizazi vitatu vinne vinapita vinafungua kabati, vinaiona inawakodolea macho, vinafunga kabati.

Mwaka 2009 paa likavuliwa lote. Walizungushia jumba zima mabomba ya jukwaa la mafundi, ukiyaunganisha yanafika kilomita kama 45, na juu yake wakaweka paa la muda kama mwavuli ili wageni waendelee kuingia huku mafundi wako juu wanatoa vigae. Nilitaka kujua kwa nini ilichukua hesabu ndefu vile, mbona paa ni paa, mama wa kadigani akainua kidole kuelekea juu. "Kwa sababu ya wapangaji."

Popo. Darini kuna popo, wa aina kadhaa, wakiwemo wale wenye pua ya umbo la kiatu cha farasi ambao huku ni adimu. Sheria ya Uingereza inamlinda popo na pale anapolala, huruhusiwi kumfukuza hata kama nyumba ni yako, hata kama ni tajiri kuliko Gibbs, fundi anapanga kazi yake kwa kalenda ya popo, lini wanazaa, lini wanalala.

Tukiwa bado kanisani tukaona kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya kioo chenye mtakatifu aliyevaa kijani, vipunje vyeusi vimetawanyika. Kama mchele ulioungua. Shemeji akainama, akavitazama kwa muda, akaniangalia mimi, akamwangalia mama. Akaniambia mtafsirie, muulize, haya nayo nani anayauza?

Nikatafsiri. Yule mama hakucheka mara moja. Akatoa mfukoni brashi ndogo ya rangi, ile ya mtoto wa shule, akavifagia polepole kwenye kipande cha karatasi, punje kwa punje bila kugusa jiwe, akakikunja vizuri pembe nne kama bahasha, akakirudisha mfukoni kwenye kadigani.

"Mheshimiwa," akamwambia shemeji, "haya hatuyapangii bei."